Laptop ya zamani haiwaki kabisa: usikubali kuambiwa bodi imekufa kabla haijapimwa

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu.

Nashusha uzi huu nikiwa na furaha, maana usiku wa kuamkia leo laptop ya dada yangu imewaka baada ya kulala wiki tatu kama jiwe. Ni mashine ya mwaka 2013. Dada ni mwalimu, na humo ndimo yalimo maandalio yake ya masomo na mitihani yote aliyotunga tangu aanze kazi. Alipoipeleka kwa fundi, fundi alibonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili, akachomeka chaja yake mwenyewe, akabonyeza tena, kisha akasema bodi, yaani saketi kuu ya laptop, imekufa. Hakuifungua. Hakushika mita ya kupimia umeme. Dada akarudi nyumbani akiwa ameshazikatia tamaa faili zake.

Hilo ndilo limenifanya niandike. Umeme una safari ndefu kabla ya kuifikia bodi: unatoka ukutani, unaingia kwenye tofali la chaja, unapita kwenye waya, kwenye pini, kwenye jeki (tundu la laptop linalopokea chaja), kwenye waya wa jeki, ndipo unafika. Kila kituo hapo kinapimika kwa mita ya kawaida, ile ya bei ndogo kuliko zote. Anayekwambia bodi imekufa, muulize amesoma volti ngapi, na amezisomea wapi.

Kwanza tuelewane kuhusu neno "haiwaki". Watu hulitumia kwa magonjwa matatu tofauti. Kuna laptop isiyoonyesha dalili yoyote, hakuna taa, hakuna feni, hakuna sauti. Kuna inayowasha taa na feni inazunguka lakini kioo ni cheusi. Na kuna inayoamka sekunde mbili tatu kisha inajizima. Ya dada ilikuwa ya aina ya kwanza, kwa hiyo nitaieleza hiyo kwa kirefu. Wenye hizo nyingine ulizeni.

Nilianza kwa kumhoji dada kabla sijashika bisibisi. Hapa wengi wanaruka, na hapa ndipo nusu ya jibu ilipo. Nikamuuliza: ilizimika ukiwa unaitumia, au ulikuta haiwaki? Akasema ilianza kwa kugoma kuchaji. Ilibidi aukunje waya wa chaja kuelekea nyuma, auegemeze kwenye kitabu, ndipo alama ya kuchaji itokee. Siku moja asilimia zikashuka mpaka mwisho, ikazima, haikuwaka tena. Hakuna maji yaliyomwagika, haikuanguka. Nikaandika kwenye karatasi: chaja au jeki.

Kisha nikafanya jambo ambalo kila mtu alifanye kwanza kwa sababu halina gharama. Chomoa chaja, toa betri, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa sekunde 30. Achia, chomeka chaja peke yake bila betri, jaribu kuwasha. Ndani ya laptop kuna kidhibiti kidogo, mafundi wanakiita EC, ambacho hakilali hata mashine ikizimwa. Ndicho kinachopokea ishara ya kitufe na kuamua umeme ufunguliwe au la. Nacho huganda kama programu yoyote inavyoganda, na hakiwezi kuanza upya mpaka chaji yote iliyobaki kwenye kapasita, vile vijipande vya bodi vinavyohifadhi umeme kidogo, imwagike. Nimeona laptop tatu zikifufuka kwa hilo tu. Ya dada haikufufuka.

Nikapima chaja. Kibandiko kimeandikwa volti 19.5, mita ikasoma 19.6. Angalizo kwa wenye chaja zenye kijipini chembamba katikati ya kichwa: kile si cha umeme wa kuendeshea mashine, ni cha kuitambulisha chaja kwa laptop. Chanya iko kwenye ukuta wa ndani wa silinda, hasi iko nje. Ukigusisha mita kwenye kijipini utapata namba ya ajabu na utaitupa chaja nzima.

Sasa hapa msomaji asiridhike haraka. Chaja iliyochoka inaweza kusoma volti kamili ikiwa haina kazi, halafu ikaanguka mara tu inapobebeshwa mzigo. Mimi nilitumia balbu ya gari kubwa, ya volti 24 na wati 21, nikaiunganisha kwenye kichwa cha chaja huku mita ikiendelea kusoma. Balbu ikawaka manjano, mita ikashuka kidogo hadi 19.3 na kutulia hapo dakika nzima. Ingeshuka hadi 12 au ingekuwa inapanda na kushuka, ningejua mgonjwa ni chaja. Hii ilikuwa nzima.

Nikafungua mashine. Skrubu 11 chini, mbili kati yake zimefichwa chini ya miguu ya mpira. Piga picha kila hatua, na panga skrubu kwenye karatasi kwa mchoro uleule zilivyokaa, maana skrubu ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa bodi.

Jeki ya mashine hii haijalehemiwa kwenye bodi. Imeshikwa kwenye kona ya fremu, na kutoka hapo kuna waya mfupi, kama urefu wa kidole, unaopita kando ya bawaba ya kioo hadi kwenye kiunganishi cheupe cha bodi. Nikachomeka chaja, nikagusisha mita kwenye kiunganishi. Sifuri. Nikausukuma waya kwa ncha ya kijiti cha mbao: 19.4, sifuri, 19.4, sifuri. Moyo ukanidunda. Umeme ulikuwa haufiki kwenye bodi kabisa, na bodi ndiyo iliyokuwa imehukumiwa kifo.

Nikauchomoa ule waya na kuuangalia chini ya taa. Gamba jekundu halikuwa na mchubuko hata mmoja. Lakini nilipoupapasa kwa vidole, kuna sehemu moja, pale unapopinda kuikwepa bawaba, ilikuwa laini kama mrija usio na kitu ndani. Nikavuta taratibu, gamba likarefuka na kuwa jembamba. Shaba ilikuwa imekatika ndani kwa ndani. Skrubu ya bawaba ilikuwa imelegea, na kila kioo kilipofunguliwa na kufungwa bawaba iliubana waya mahali palepale, miaka nenda rudi.

Waya mpya wa jeki, wenye namba ya modeli ileile, ukaingia. Skrubu ya bawaba nikaikaza. Nikachomeka chaja: taa ya chungwa. Nikabonyeza kitufe, feni ikavuta pumzi, kioo kikaja. Betri ilikuwa imesoma sifuri kwenye mita, kwa hiyo nimeiweka kando nikiihesabu imekufa.

Jambo moja la mwisho. Ilipowaka, saa ilikuwa imerudi miaka mingi nyuma na tovuti karibu zote zikagoma kufunguka zikidai cheti si halali. Tatizo halikuwa intaneti. Ile betri ya kidonge, CR2032, inayotakiwa kuwa na volti 3, ilisoma 2.1. Nimeibadilisha, saa imetulia.

Karibuni.

#2

Mleta uzi ubarikiwe, umeandika kama uko chumbani kwangu. Yangu ni ya aina ya pili. Taa ya kitufe inawaka, feni inazunguka, kioo ni giza tupu. Ilikuwa nzima juzi, nikaihamisha kwenye begi, jana ndiyo hivyo. Nimeshafanya ile ya sekunde 30, hakuna mabadiliko. Naanzia wapi?

#3 Mleta uzi

Mkuu, kwanza tujue kama mashine ina uhai na kioo ndicho kilichokufa, au yenyewe haijafika popote. Iwashe, subiri dakika moja, kisha bonyeza Caps Lock. Kama taa yake inawaka na kuzima unavyobonyeza, mashine iko hai na inakusikia. Zima taa za chumba, mulika kioo kwa tochi ukiwa umeiinamisha ubavuni. Ukiona picha hafifu kama kivuli, mwanga wa nyuma wa kioo ndio ulioondoka, au waya wa kioo umelegea pale unapopita kwenye bawaba. Unganisha televisheni au skrini nyingine kwa HDMI au VGA, utathibitisha.

Kama Caps Lock haijibu, au inapepesa yenyewe kwa mpangilio, au taa ya betri inapepesa, usipuuze. Kwenye HP na Dell nyingi mpepeso huo ni lugha. Hesabu imepepesa mara ngapi kabla ya kupumzika, kisha tafuta kitabu cha modeli yako kwenye tovuti ya mtengenezaji, kila idadi ina maana yake.

Kwa jinsi ulivyoeleza, begi na mtikisiko, mimi ningeanza na RAM, vile vibao vya kumbukumbu ya muda. Toa chaja, toa betri, fungua kifuniko. Shika chuma kisicho na rangi kwanza ili umeme tuli wa mwilini uondoke. Sukuma vile vishikizo viwili vya pembeni, RAM itajiinua yenyewe kwa mshazari. Sugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya kufutia penseli, pande zote mbili, pangusa vumbi la raba lisiingie kwenye tundu. Rudisha moja tu, jaribu. Ikigoma, ihamishie tundu la pili. Kisha jaribu ile nyingine. Ukiwa na mbili na matundu mawili unajaribu mara nne, usifupishe.

#4

Wakuu, kazi yangu ni kutengeneza hizi mashine, naomba niongeze na nisahihishe.

Kusahihisha: mleta uzi, usiitupe ile betri. Betri nyingi za laptop zina bodi yao ndogo ndani, na hazitoi umeme kwenye pini mpaka laptop iziamshe. Mita ikisoma sifuri kwenye betri iliyochomolewa, bado hujathibitisha chochote. Irudishe, iache kwenye chaja saa kadhaa ukiwa karibu unaiangalia.

La pili, ile ya balbu ni kipimo kizuri kwa chaja za kichwa cha mviringo. Za USB-C usizijaribu hivyo. Zile hutoa volti 5 tu mpaka zizungumze na laptop na kukubaliana kupanda, nyingi hadi 20. Ukipima bila mazungumzo hayo utaona 5 au hata sifuri na utadhani imeharibika.

La tatu, betri za ndani. Kwa mashine ambazo betri haitoki kwa nje, kushikilia kitufe huenda kusitoshe mpaka ufungue na kuchomoa kiunganishi cha betri. ThinkPad nyingi zina kitundu kidogo chini, cha kuingiza ncha ya klipu ya karatasi. Chomoa chaja, bonyeza humo sekunde chache, chomeka, washa. Watu wamekaa na mashine hizo miaka bila kujua kile kitundu ni cha nini.

Sasa tuseme volti zimefika kwenye bodi na bado kimya. Angalia taa ya tofali la chaja, kama inayo. Ikizimika kila unapochomeka kwenye laptop na kuwaka ukichomoa, kuna shoti, na chaja inajilinda. Kwenye mashine za zamani mkosaji mara nyingi ni kapasita moja ya kauri, kipunje kidogo kuliko punje ya mtama, kilichopasuka na kuunganisha njia ya volti 19 moja kwa moja na hasi. Tunampata hivi: tunaingiza volti 1 kwenye ile njia kwa mashine ya kulishia umeme, tukiwa tumewekea amperi mpaka, kisha tunadondoshea bodi alkoholi ya isopropili. Panapopata moto ndipo panapokauka kwanza. Unaona doa kavu likifunguka juu ya kipunje kimoja huku pembeni kote bado kumelowa. Kinatolewa hicho kimoja, bodi inaamka.

Ndiyo maana nakubaliana na kichwa cha uzi. Kutoa hukumu bila mita ni kumnyima mtu mali yake.

#5

Samahani naingilia. Yangu haiwaki pia, lakini nimeona pedi ya kugusia imeinuka na kibodi imetuna katikati. Kifuniko cha chini hakifungi vizuri. Nichomeke chaja usiku kucha nione kama itaamka?

#6 Mleta uzi

Hapana ndugu, tafadhali usichomeke kabisa. Hiyo ni betri imevimba. Seli za lithiamu zikiharibika hutengeneza gesi ndani ya mfuko wao, na gesi hiyo ndiyo inayosukuma pedi juu. Ikitobolewa au ikipashwa joto inaweza kuwaka moto usiozimika kirahisi. Chomoa chaja, iweke mbali na kitanda, mapazia na karatasi. Usiikandamize ili kifuniko kifunge. Usiichokonoe kwa bisibisi kama imegandishwa kwa gundi, mpe fundi aitoe. Na usiitupe na taka za kawaida, ipelekwe zinakopokelewa taka za vifaa vya umeme.

Mara nyingi ikishatoka, laptop yenyewe huwaka kwa chaja peke yake. Nakuomba urudi utuambie imetoka salama.

#7

Mimi nilisoma mahali kwamba bodi ukiitoa ukaiweka kwenye oveni dakika chache inafufuka. Kuna ukweli?

#8 (yule fundi wa #4)

Kuna ukweli wa siku chache, na madhara ya kudumu. Habari hiyo ilienea sana wakati wa laptop zenye chipu za picha za NVIDIA za miaka ile ya 2006 hadi 2008. Julai 2008 kampuni hiyo yenyewe ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu za laptop zilizokuwa zikifa kupita kawaida, na ikataja udhaifu wa malighafi ya kufungashia chipu. Maana yake kasoro ilikuwa ndani ya chipu, kwenye viunganishi vyake vidogo. Joto linavilegeza vikagusana tena, mashine ikawaka, mwenye nayo akashangilia, baada ya wiki au mwezi ikarudi kuzimu. Wakati huohuo oveni imeshayeyusha viunganishi vya plastiki na kuchosha kapasita. Na moshi unaotoka hapo haufai kuingia mahali panapopikwa chakula.

Ukiwa na laptop ya kipindi hicho ikawaka kwa bahati, usiifurahie kwa kuitumia. Hamisha faili siku hiyohiyo.

#9

Hapo kwenye faili ndipo pananiuma. Yangu ililowa maji mwaka jana, nikaianika juani, ikawaka wiki mbili, ikafa moja kwa moja. Nimeshakubali imekwenda. Picha za ndani zinapatikana?

#10 Mleta uzi

Zinapatikana mara nyingi, mkuu, maana diski haifi pamoja na bodi. Toa diski. Kama ni ya inchi 2.5, ile yenye umbo la daftari dogo, nunua kasha la SATA (aina ya muunganisho wa diski) kwenda USB na uichomeke kwenye kompyuta nyingine kama fleshi. Kama ni kijiti chembamba cha M.2, hakikisha kwanza ni cha SATA au cha NVMe, muunganisho wa aina nyingine, maana makasha yake ni tofauti na mengine hayasomi yote mawili. Laptop chache zina hifadhi iliyolehemiwa kwenye bodi, hizo ndizo zenye shida ya kweli.

Ukiombwa ufunguo wa BitLocker, ile kufuli ya Windows inayoficha data za diski, ni tarakimu 48. Angalia kwenye akaunti yako ya Microsoft kama ulikuwa unaingia nayo, huwa umehifadhiwa humo. Usiifomati diski eti kwa sababu kompyuta imekuambia ufomati.

Kuhusu maji, kwa faida ya wengine: kuanika kunaondoa maji, hakuondoi chumvi na uchafu uliokuja nayo. Hivyo vinabaki vinakula shaba taratibu, ndiyo maana ilikufa baada ya wiki mbili. Ikimwagikiwa, kata umeme papo hapo, toa betri, ifunguliwe na kusafishwa kwa isopropili ya asilimia 90 au zaidi na mswaki laini, ndipo ikauke.

#11 (wa #2)

Wakuu, nimerudi. Caps Lock ilikuwa haijibu. Nimejaribu RAM mara nne kama nilivyoelekezwa. Zote mbili zinafanya kazi kwenye tundu la pili, na hakuna inayofanya kazi kwenye tundu la kwanza. Naandika hapa kwa laptop yenyewe, ikiwa na RAM moja. Nimemulika lile tundu kwa tochi, kuna pini moja imelala kando, haiko sawa na wenzake. Niinyooshe kwa sindano?

#12 (fundi)

Unaweza, ila betri iwe nje, na uinyooshe mara moja tu. Ukiirudisha mara ya pili inakatika. Ikikataa, liache tundu hilo, weka RAM moja kubwa zaidi kwenye la pili kama modeli yako inaikubali.

#13 Mleta uzi

Kabla ya sindano, nakili faili kwanza. Leo.

Na fundi, ulisema kweli kuhusu betri ya dada. Niliirudisha mchana, taa ya chungwa imekaa saa tatu, sasa inasoma asilimia 61. Ilikuwa imeisha chaji tu, haikuwa na pa kuipata. Dada kaichukua jioni. Kwanza kabisa alifungua folda ya mitihani, akahesabu faili moja moja kwa kidole kwenye kioo.